Mbuga Isiyo na Lango

Ukikata mgunga kando ya mto Turkwel, mwendo mfupi kutoka Lodwar, kuna mtu utakayemjibu. Hutaona ua pale, wala kibao cha serikali, wala askari wa misitu. Pengine hutaona mtu mchana kutwa. Hata hivyo mti ule una wenyewe. Ukingo wa mto umegawanywa vipande, na kila kipande ni ekwar ya familia fulani: kiangazi kikifika, majani ya hapo, matunda, maganda ya mbegu yanayoanguka chini na hata kivuli chenyewe ni haki yao. Baba humwachia mwana. Mgeni mwenye mbuzi wenye njaa huomba, na aghalabu hukubaliwa, kwa kuwa mwaka ujao mvua inaweza kumkimbia mwenyeji ikamwendea mgeni. Kukata mti mzima ni shauri jingine. Shauri hilo huamuliwa na wazee katika baraza lao, ambalo nalo hukaa chini ya mti, na anayepatikana na hatia hulipa kwa mifugo.

Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, aliieleza sheria hii kwa kina katika jarida la kitaalamu mwaka 1990. Watafiti wa nyanda kavu wanaifahamu vizuri. Lakini tunapozungumzia wanyamapori wa Turkana hadharani, ekwar haitajwi. Tunataja hifadhi.

Hifadhi zipo. Ile ya South Turkana, kusini mwa kaunti kwenye mpaka na Pokot Magharibi, ilitangazwa mwaka 1979. Kisiwa cha Kati, ndani ya Ziwa Turkana, ni mbuga ya taifa tangu 1983. Sibiloi, iliyotangazwa 1973, iko ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Marsabit. Ukiziweka hizo mbili za kwanza kwenye ramani ya kaunti yenye zaidi ya kilomita mraba 68,000, zinaonekana kama alama mbili za kalamu. Wanyama wengi wa Turkana hawajawahi kukanyaga hifadhi yoyote. Wanaishi katikati ya watu na mifugo, na kiangazi kikikaza huja waliko watu na mifugo, yaani mtoni. Kwa hiyo nasema waziwazi: mbuga halisi ya Turkana ni ukingo wa mto, na walinzi wake wa kwanza ni wenye ekwar. Tukiwapoteza hao, hakuna idadi ya askari itakayoziba pengo lao.

Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na miaka mingine haifiki hapo. Turkwel yenyewe huanzia mbali, kwenye miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ikaleta maji ya nchi ya baridi hadi kwenye mchanga wa moto. Hata pale ambapo uso wa mto umekauka, maji hubaki chini ya mchanga, na mizizi hujua yaliko. Mgunga unaotawala hapa Waturkana huuita ewoi. Mwavuli wake mpana ndio unaowakinga mbuzi, watoto na wazee wanaocheza bao saa saba mchana. Kando yake kuna mkoma, eengol, ambao majani yake akina mama husukia vikapu na matunda yake magumu watoto huyatafuna njiani. Kuna mswaki, esekon, wenye vitunda vidogo vitamu. Ukitoka mtoni ukatembea nusu saa kuelekea nyikani, kijani chote hicho kinakuishia, na unabaki na mawe, vichaka vilivyotawanyika na upepo.

Simama kwenye ukingo huo alfajiri, kabla joto halijapanda. Tumbili wanashuka kutoka walikolala. Hondohondo wanaitana, wao hutaga kwenye matundu ya miti mikubwa tu, na mti mkubwa huhitaji miongo mingi kuwa na tundu linalofaa. Kwera wanahangaika na viota vyao. Keremkerem wanaruka kutoka tawini, wanadaka nyuki hewani, wanarudi palepale. Miezi ya baridi ya Ulaya ikiingia, ndege wengine wanaongezeka, wageni waliovuka Sahara na ambao kwao uzi huu wa miti ni kituo cha kupumzikia kabla ya kuendelea kusini. Chini, kwenye mchanga, kuna nyayo za usiku: bweha, kicheche, pengine fisi mwenye milia, mnyama mwenye haya ambaye wengi wamezaliwa na kuzeeka karibu naye bila kumwona.

Wapo pia wanyama ambao uhusiano wao na mti ni wa ndani zaidi. Digidigi huweza kuishi bila kunywa maji. Unyevu wa majani anayokula humtosha. Swala twiga ni vivyo hivyo. Ndiye yule anayesimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu juu, akichuma majani ambayo mbuzi hayafikii. Choroa huvumilia kiu siku nyingi. Kwa wanyama wa aina hii, kuchimba kisima hakusaidii sana. Maji yao yamo ndani ya jani. Mfadhili anayetaka kuwaokoa kwa ukame akaja na tingatinga la kuchimba bwawa, huku miti ya pembeni ikiteketea kwa makaa, atakuwa amewaletea kinywaji wasichokihitaji na kuwaachia njaa.

Kuna dhana ya zamani, iliyoanza enzi za ukoloni na ambayo bado ina wafuasi ofisini, kwamba adui wa miti hii ni mbuzi. Mwaka 1995 watafiti Robin Reid na James Ellis walichapisha matokeo ya kazi yao kusini mwa Turkana, miongoni mwa Wangisonyoka, tawi mojawapo la Waturkana, na walichokuta kinastahili kufundishwa katika kila shule ya kaunti hii. Mbuzi wanapokula maganda ya ewoi, ambayo Waturkana huyaita ngitit, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima na ngozi yao ngumu imelainika. Jioni mbuzi hulala zizini. Zizi linajaa samadi yenye mbegu. Familia inapohama, kama ilivyo desturi, nyuma yao linabaki duara la ardhi lenye rutuba, lenye unyevu kuliko pembezoni, limejaa mbegu. Mvua ikinyesha, miche huchomoza humo kwa wingi kuliko mahali popote jirani. Baada ya miaka kuna kichaka cha migunga kilichoota kwa umbo la boma. Mfugaji anayehama amepanda msitu. Digidigi wanaojificha humo wanaishi kwenye boma la zamani la mtu.

Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu bila kulielewa hatutaelewa yanayovunjika sasa.

Wanyama wamepungua, na wamepungua sana. Tangu miaka ya 1970 serikali imekuwa ikihesabu wanyama wa nyanda za malisho kwa ndege ndogo zinazoruka chini, wahesabuji wakitazama kila upande ndani ya ukanda uliopimwa. Mwaka 2016 Joseph Ogutu na wenzake walizikusanya hesabu hizo za tangu 1977 kwa kaunti 21 za nyanda kavu, Turkana ikiwemo. Kwa jumla wanyamapori walikuwa wamepungua kwa asilimia 68. Miongoni mwa walioumia zaidi, kwa asilimia 72 hadi 88, ni tandala mdogo, choroa na punda milia wa Grevy, wanyama hasa wa nchi kavu kama hii. Katika miaka hiyohiyo mbuzi na kondoo waliongezeka kwa asilimia 76, huku ng'ombe wakipungua kwa robo. Atakayechukua takwimu hizo akakimbilia kumshtaki mfugaji atakuwa na namba mkononi, lakini atakuwa ameacha nje bunduki, barabara, vijiji vilivyotia nanga penye visima, ukame unaofuatana, na uchumi wa makaa. Watu wanaohama hupanda miti. Watu waliolazimika kukaa mahali pamoja huimaliza.

Bunduki zina historia ndefu hapa. Machi 1888 wasafiri wa Kizungu Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika ziwani wakiwa na msafara mkubwa wa wapagazi kutoka pwani, na pamoja nao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyeijua bara kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Kumbukumbu za safari hiyo zimejaa tembo na faru waliouawa. Baada yao misafara ya pembe iliendelea, ya Waswahili, ya Wahabeshi, ya wawindaji wa Kizungu, mpaka tembo waliokuwa wakitembea hadi kandokando ya ziwa wakabaki simulizi. Leo tembo wa Turkana ni wale wachache wa kusini, wanaotembea kati ya hifadhi ya South Turkana, Nasolot na bonde la Turkwel. Wanaishi kwenye ardhi ya wizi wa mifugo, ile ambayo Februari 2023 serikali iliitangaza kuwa yenye vurugu na hatari pamoja na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ya kaskazini. Ni jambo la uchungu kwamba mahali watu wanapoogopana, vichaka huota tena na wanyama hupata nafasi. Na papo hapo, mwenye bunduki na njaa hufyatua risasi bila shahidi.

Na hesabu za angani zina upofu wake. Mhesabuji aliye juu humwona choroa akitimua vumbi uwandani. Digidigi aliyelala chini ya ewoi hamwoni. Katika ukame wa 2022 wizara inayohusika na wanyamapori ilitoa orodha ya vifo vya kati ya Februari na Oktoba: tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, punda milia wa Grevy 49, nyati 51, twiga 12. Orodha hiyo ilitegemea hasa maeneo yenye askari na watafiti, kama Amboseli, Tsavo, Laikipia na Samburu. Mnyama aliyekufa kwenye laga moja, mto wa msimu, magharibi mwa Lokitaung, nani angempigia simu nani? Kutokuwamo kwenye orodha hakumaanishi Turkana ilisalimika. Kunamaanisha hakuna aliyetumwa kuangalia.

Sasa twende Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar kwa barabara kuu inayoelekea Lokichoggio.

Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, vijana wa Sudan Kusini walipofika hapa kwa miguu baada ya kufukuzwa na vita, mara mbili, kwao na kisha Ethiopia. Wasomali na Waethiopia wakafuata, kisha Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa. Leo pande zote mbili zina karibu watu 300,000, zaidi ya mara tatu ya wakaazi wa mji wa Lodwar kwa sensa ya 2019. Wote wanapika. Wanapika katika nchi yenye miti michache, kando ya laga ya Tarach, ambayo ukingo wake una ewoi kama ule wa Turkwel, na nayo ina wenyewe.

Mkimbizi haruhusiwi kwenda kukata kuni nje ya kambi, na mwanamke anayejaribu huhatarisha mwili na maisha yake. Mashirika yanayofanya kazi na UNHCR, likiwemo shirika la wenyeji la LOKADO, yamekuwa yakigawa kuni na majiko yanayobana matumizi, lakini mgao haujawahi kutosha mwezi. Pengo linazibwa na mama wa Kiturkana anayeingia kambini na mzigo wa kuni au gunia la makaa kichwani. Akitoka, ametoka na pesa kidogo, au unga na maharage kutoka kwenye mgao wa yule mkimbizi. Wote wawili wana watoto. Nimesikia mno lawama zikitupwa upande mmoja au mwingine, na sioni wa kumlaumu kati ya wanawake hawa wawili. Kila mgao wa chakula unapopunguzwa, biashara hii inakuwa ya kikatili zaidi, kwa sababu mkimbizi anauza chakula kidogo alichonacho ili apate cha kupikia kile kinachobaki.

Kinachoniumiza ni jinsi sheria ya ekwar inavyovunjika kutoka ndani. Fikiria familia yenye mbuzi themanini na ukingo wenye migunga ishirini. Kwa familia hiyo ewoi ni ghala: maganda yanayoanguka kiangazi ndiyo yanayowavusha mbuzi hadi mvua. Atakayekata mti huo amewaibia maziwa ya watoto. Sasa mvua inakosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyotokea kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023. Mbuzi wanakufa wote, au wanabaki sita. Maganda yanaanguka na hayana wa kuyala. Ghafla mti uleule, kwa mtu yuleyule, thamani yake iliyobaki ni magunia ya makaa. Na mzee wa baraza, atamtoza faini gani mtu asiye na mbuzi? Sheria iliyolipwa kwa mifugo haina meno pasipo mifugo. Hapo ndipo hondohondo anapopoteza tundu lake na swala twiga jani lake, kutokana na vifo vya mbuzi.

Kuna jambo jingine kuhusu Kakuma ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha. Wengi wa wakimbizi hawa wanatoka, au wazazi wao walipita, katika Sudan Kusini, nchi yenye mwendo mkubwa kuliko wote duniani wa wanyama wa nchi kavu wanaohama. Hesabu ya angani ya mwaka 2023 katika maeneo ya Boma na Badingilo na pembezoni mwake, iliyotangazwa Juni 2024, ilikuta karibu swala milioni 6 wa aina nne, wengi wao wakiwa kobi wenye masikio meupe. Milioni 6, katika nchi iliyokuwa vitani kwa miongo. Kijana aliyezaliwa Kakuma ana haki ya kujua kwamba bibi yake alivuka katikati ya makundi hayo. Wazee walioko kambini wanajua nyendo za wanyama, majira yao, njia zao. Tumewahesabu wazee hao kwa ajili ya mgao wa mafuta ya kupikia. Hatujawauliza kuhusu wanyama.

Tukirudi kwenye miti, kuna mmoja ambao hauna mwenye ekwar wala mtetezi. Ni mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Uliletwa Kenya kutoka Amerika ya kitropiki, na katika miaka ya 1980 miradi ya kupambana na jangwa iliupanda Baringo, Turkana na kwingineko, kwa nia njema kabisa: unakua haraka, hauogopi kiu, unatoa kuni. Leo umefunga kingo za mito, umeingia mashamba ya kando ya Turkwel, umezunguka Lodwar, Kakuma hadi Lokichoggio. Miiba yake hutoboa gurudumu la pikipiki na kwato za mbuzi. Maganda yake ni matamu, na utamu huo huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakaazi wa Baringo walioishtaki serikali walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mbegu za mathenge nazo hupita tumboni na kuota zizini, kwa njia ileile ya ewoi. Boma la zamani ambalo lingeota migunga sasa linaota mathenge, na chini ya mathenge hakuoti nyasi wala mche wa mti mwingine.

Ila mathenge hutoa makaa mazuri. Hili Waturkana wanalijua, mashirika yanalijua, na juhudi za kulifanyia kazi zimekuwapo mara kadhaa bila kuendelezwa ipasavyo. Moto wa Kakuma unaweza kuwaka miaka mingi kwa mti tunaotaka upungue. Kinachohitajika ni kanuni inayoshikiliwa: kuni na makaa yanayonunuliwa kwa pesa za misaada yatoke kwa mathenge peke yake, na mahali yalipokatwa pajulikane. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyodumu hadi 2023, na makaa hayakukoma kuingia Kakuma hata siku moja. Yalipanda bei tu.

Kisha kuna maji yenyewe. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 na kuzalisha megawati 106, lilibadili tabia ya mto. Mafuriko ya zamani yaliyokuwa yakitandaza tope kwenye kingo na kuotesha miche yalipungua. Mti mzee wa ewoi husimama miaka mingi bila kuonyesha dalili, hivyo msitu unaweza kuonekana mzima huku ukikosa watoto. Mwaka 2020, bwawa lilipojaa kuliko wakati wowote, watu wa chini walitahadharishwa wahame kwa hofu ya kumwagika. Kati ya mto usiofurika kamwe na mto unaotishia kuzoa watu, nadhani wahandisi wa bonde hili wanaweza kupata kitu cha katikati: maji yanayoachiliwa kwa kipimo, kwa majira yanayojulikana, watu wakiwa wameambiwa mapema, ili kingo zinywe.

Ziwa lina magomvi makubwa zaidi, na yamesemwa sana, kwa hiyo nitapita haraka. Takriban asilimia 90 ya maji yake hutoka mto Omo. Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III kwenye mto huo mwaka 2016, na 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za ziwa, ambazo ni Urithi wa Dunia tangu 1997, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Baadaye maji yakapanda badala ya kushuka, yakazamisha nyumba za wavuvi. Lakini kabla ya kuondoka ziwani, mtazame kitwitwi mdogo. Ana uzito wa gramu kama 25. Huzaliana kwenye tundra ya Siberia na kaskazini mwa Ulaya, na hapa Ziwa Turkana wameshawahi kuonekana zaidi ya 100,000, wengine wakichokonoa tope la Ferguson's Gulf, karibu na Kalokol. Kati ya Lodwar na tope hilo ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ni wanafunzi wangapi wa Lodwar wamewahi kupelekwa kuwaona?

Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makavazi ya Kitaifa na Nature Kenya huongoza watu wa kujitolea kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa: Nakuru, Naivasha, Elmenteita, Bogoria. Turkana, kwa umbali wake, imekuwa ikiachwa mara kwa mara. Leo Lodwar ina chuo kikuu chake kishiriki. Ina shule zenye chama cha wanyamapori, harakati iliyoanza Kenya tangu 1968. Kakuma ina maelfu ya vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi. Wote hao wanaweza kufundishwa kuhesabu, na mfugaji hahitaji kufundishwa sana, kwa maana anatambua wayo wa ngamia wake kati ya nyayo mia. Mlipe akuletee habari: choroa wangapi, wakielekea wapi, mzoga gani, kisima gani. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina magari machache mno kwa kaunti hii. Wachungaji wako kila mahali tayari.

Na kuna sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao na kuweka kanuni zao za ndani za kuitumia. Mpaka zisajili, ardhi hiyo inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya namna hiyo. Usajili unapofanywa, ekwar inafaa iandikwe humo kwa jina lake, pamoja na amaire na epaka, malisho ya akiba yanayofungwa hadi kiangazi. Bila hivyo, siku mwekezaji, kambi au barabara itakapohitaji ukingo wa mto, ramani itasema hapana mwenyewe.

Lakini karatasi peke yake haitamzuia mtu mwenye mbuzi sita na watoto watano asiwashe tanuri la makaa. Kwa hiyo pesa za uhifadhi wa Turkana ningezipeleka kwanza kwenye mbuzi. Oktoba 2015 serikali ilianzisha bima ya mifugo, ikianzia hapa Turkana na Wajir. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na uliposhuka chini ya kiwango mfugaji alilipwa kabla mifugo haijafa, ili anunue chakula cha kuwavusha. Ilifikia familia chache na fedha zake zilikuwa za kubahatisha. Wafadhili wa wanyamapori, wanaonunua darubini, redio na sare za askari, wangeichangia bima ya aina hiyo kwa familia zenye ekwar kando ya Turkwel na Tarach, na ukame ukiisha wawarudishie walioangamia mbuzi kumi au kumi na tano wa kuanzia. Najua ni vigumu kumshawishi mtu aliyeko Berlin au Washington kwamba pesa zake za swala twiga zimenunua mbuzi. Aelezwe kuhusu maganda, zizi na mche. Akitaka, aje mwenyewe Februari, jua likiwa kali na ngitit zikianguka, ahesabu ni wanyama wa aina ngapi wanaokula chini ya mti mmoja.